Mama huyu alidai jina lake



Jumamosi iliyopita, kisha kugawa likelemba, hatukurudi nyumbani mara moja. Binti wa mama mmoja wa kikundi chetu alikuja na komputa yake na kle ndogo ya USB. Akasema: "Wamama, leo hakuna mafundisho ya sabuni. Leo nitawaonyesha mwanamke." Tukafunga madirisha ili mwangaza usiharibu picha. Watoto wakakaa chini, mbele. Sisi tukajipanga kwenye mabenchi, kila mtu na kikapu chake miguuni.

Mwanamke huyo ni Tina Turner, mwimbaji wa muziki wa roki, mweusi wa Marekani. Alifariki tarehe 24 mwezi wa tano 2023 nyumbani kwake Küsnacht, karibu na Zürich, huko Uswisi. Alikuwa na miaka 83. Baadhi yetu tulimjua kwa sauti tu, kwa sababu redio ilimpiga sana tulipokuwa wasichana. Uso wake hatukuwa tumeuangalia vizuri.

Binti alikuwa na filamu mbili za zamani. Ya kwanza ni ya Accra, Ghana, tarehe 6 mwezi wa tatu 1971. Siku hiyo Ghana ilikuwa inasherehekea miaka 14 ya uhuru, na waimbaji weusi kutoka Marekani walivuka bahari kuja kuimba kwenye uwanja wa Nyota Nyeusi. Waliimba usiku mzima. Watu wa sinema walikuwepo, wakapiga picha, na filamu ikatoka mwaka huohuo.

Tina alikuwa na miaka 31. Anaingia, na mara moja unasahau wengine wote. Anaimba kwa mwili mzima, miguu haitulii, jasho linatoka. Nyuma yake bwana wake, Ike Turner, anapiga gitaa. Tate wetu, mzee kuliko sisi wote katika kikundi, aliona ile nguo fupi akaweka mkono mdomoni. "Huyu mtoto wa watu amesahau kikwembe nyumbani?" Tulicheka mpaka watoto wakageuka kutuangalia. Lakini wimbo wa pili ulipofika, mguu wa Tate ulikuwa unapiga chini kama wetu.

Halafu umeme ukakatika. Mnajua wenyewe. Komputa ilikuwa na moto kidogo tu, binti akaizima ili asipoteze wote. Tukabaki katika giza, na ndani ya giza hilo akatusimulia maisha ya mwanamke tuliyekuwa tunamshangilia.

Jina lake la kuzaliwa ni Anna Mae Bullock. Alizaliwa mwaka 1939 Brownsville, katika jimbo la Tennessee, akakulia kijiji cha Nutbush, mahali pa mashamba ya pamba. Aliimba katika kwaya ya kanisa. Akiwa bado mtoto mama yake aliondoka, halafu baba naye akaondoka, yeye akabaki kwa nyanya yake. Wamama, hii hadithi ya mtoto anayebaki kwa tate hatuhitaji mtu atueleze. Kila nyumba ya mtaa wetu ina mmoja.

Akiwa msichana alimfuata mama yake mjini St. Louis. Huko alikutana na Ike, mwanaume aliyekuwa tayari na bendi na jina. Msichana aliomba kuimba, akapewa mikro, na bendi ikaona kuwa sauti hiyo ni mali. Mwaka 1960 wimbo wao wa kwanza ulipotoka, Ike ndiye aliyempa jina "Tina Turner", kabla hata ya kumuoa. Na aliliandikisha jina hilo kama mali yake, ili msichana akiondoka aweke mwingine mahali pake na kazi iendelee.

Katika giza mama mmoja akasema polepole: "Ni kama ng'ombe anayepigwa alama."

Kisha yakaja mambo ambayo filamu ya Accra haionyeshi. Nyumbani, Tina alikuwa anapigwa. Yeye mwenyewe alieleza hayo kwa gazeti la Marekani mwaka 1981, na tena katika kitabu cha maisha yake mwaka 1986. Alipigwa, kisha akajipaka poda, akavaa, akapanda jukwaani na kutabasamu. Pesa za kazi hakuzishika yeye. Alikuwa analea watoto wanne wa kiume: mmoja aliyemzaa kabla ya Ike, mmoja waliyemzaa pamoja, na wawili wa Ike na mwanamke mwingine. Kuna wakati alikata tamaa kabisa, akataka kufa.

Mwezi wa saba 1976 walisafiri kwenda Dallas kuimba. Njiani bwana alimpiga ndani ya gari. Walipofika hoteli, Ike akalala. Tina, uso umevimba na nguo ina damu, akatoka. Akavuka barabara kubwa ya magari usiku kwa miguu mpaka hoteli nyingine ng'ambo. Mfukoni alikuwa na senti 36 na kadi ya kununulia mafuta ya gari. Aliomba chumba, akaahidi kulipa. Wakampa.

Hakuna aliyecheka tena. Nilisikia mtu anavuta pumzi karibu na mlango.

Talaka iliisha mwaka 1978. Mbele ya mahakama aliacha kudai pesa, akabaki na magari mawili. Kitu alichong'ang'ania ni jina: Tina Turner. Deni la tamasha walizopaswa kuimba kabla hajatoroka lilimfuata. Akalilipa kwa kuimba popote palipopatikana, katika hoteli na katika televisheni. Watu wengi wa kazi hiyo walisema amekwisha, mwanamke mwenye karibu miaka 40, tena bila bwana wake. Mwaka 1984 alitoa albamu mpya, na wimbo mmoja wake ukawa wa kwanza Marekani. Alikuwa na miaka 44.

Umeme ukarudi. Binti akaweka filamu ya pili.

Hii ni ya Rio de Janeiro, Brazili, tarehe 16 mwezi wa kwanza 1988. Uwanja wa Maracanã, ule mkubwa wa mpira. Watu waliofika walikaribia 180 000, na siku hiyo iliandikwa kama rekodi ya dunia ya watu waliolipa kumuona mwimbaji mmoja. Nilijaribu kufikiri: ukikusanya soko lote la Kadutu siku yenye watu wengi, bado hujafika. Na mbele yao wote, mama mmoja wa miaka 48.

Anaimba kwa nguvu ileile, miguu ileile. Lakini ukitazama filamu hizi mbili moja kisha nyingine, kuna kitu kimebadilika, na hata watoto walikiona. Kijana mmoja wa miaka kumi aliuliza: "Yule baba wa gitaa yuko wapi?" Mama yake akamjibu: "Hayuko." Mtoto akasema: "Aa," akaendelea kuangalia. Huko Accra jina la bwana lilitangulia, kisha la mke. Huko Rio ni jina moja tu, lile alilolidai mahakamani.

Filamu ilipoisha, nilifikiri tutasimama kucheza. Badala yake tulianza kubishana.

Tate ndiye aliyeanza. "Mimi nimefurahi," alisema, "lakini niambieni wazi. Munataka kuwafundisha wasichana wetu kukimbia ndoa? Sisi tulivumilia, na nyumba zikasimama."

Wamama, si vizuri kumjibu mzee kwa haraka. Tate amezika bwana, amelea watoto saba kwa kuuza makala, na katika vita alibeba wengine wasiokuwa wake. Akisema "tulivumilia," anasema juu ya njaa, juu ya kukimbia, juu ya kuanza upya bila sufuria hata moja. Uvumilivu huo ndio uliotufikisha hapa. Kwa hiyo tulinyamaza kidogo.

Aliyejibu ni mama mmoja ambaye kwa kawaida haongei. Anakaa karibu na mlango, analipa sehemu yake, anaenda. Sitamtaja, na tafadhali msimtafute. Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika alichosema.

"Tate, mimi pia nilivumilia," alisema. "Miaka tisa. Mwaka wa kumi alinivunja mkono, nikatoka. Mnakumbuka mashine yangu ya kushona? Niliinunua kwa zamu yangu ya likelemba, franga zenu ninyi wote. Lakini siku ya kununua, bwana ndiye aliyeenda dukani, na risiti ikaandikwa jina lake. Nilipotoka, familia yake ikaja na ile karatasi. Wakasema: soma, hapa pameandikwa nani? Wakabeba mashine. Na mimi nilikuwa nimeishonea nguo za ubatizo za watoto wa mtaa mzima."

Tate hakusema kitu. Alisimama, akaenda kukaa karibu naye kwenye benchi ya mlangoni. Kisha akasema: "Mkono ni jambo jingine. Mimi mkono sikuvunjwa." Nafikiri hilo lilikuwa jibu lake lote, na lilitutosha.

Sasa niseme langu, kwa sababu kila juma mnaniuliza, "Na wewe unafikiri nini?"

Nafikiri Tate ana haki juu ya uvumilivu, na mama wa mashine ana haki juu ya kipigo. Ni mambo mawili, na kosa letu ni kuyapa jina moja. Kuvumilia umasikini na bwana wako, ugonjwa wake, kukosa kazi kwake, hiyo ni ndoa. Kupigwa si ndoa. Ukimwambia binti yako anayekuja na jicho jeusi "rudi, vumilia," unamrudisha mahali ambapo siku moja utaenda kumchukua amelala kwenye machela. Tina alipovuka ile barabara, kulikuwa na mtu ng'ambo aliyefungua mlango na kumpa chumba bila franga. Tujiulize: usiku mmoja wetu akivuka, mlango gani utafunguka? Katika kikundi tulikubaliana Jumamosi ileile. Kuna nyumba mbili, sitaandika wapi, ambapo mwanachama anaweza kubisha saa yoyote. Vikundi vingine vinaweza kufanya hivyo pia. Haihitaji ufadhili.

La pili ni jina. Tina aliacha pesa akashika jina, kwa sababu alijua pesa zitafuata jina. Sisi tunafanya kinyume: tunashika pesa siku moja, na jina tunawaachia wengine. Wamama, zamu yako ya likelemba ikifika, nenda dukani mwenyewe. Risiti iandikwe jina lako, lote, kama lilivyo kwenye kadi yako. Ukinunua kiwanja pamoja na bwana, majina mawili yaandikwe kwenye karatasi. Tangu mwezi wa saba 2016, Sheria ya Familia ya nchi yetu ilirekebishwa, na mke halazimiki tena kuomba ruhusa ya bwana ili kufanya mapatano au kufungua biashara. Wengi wetu hatujui, na wanaojua hawatuambii. Tena katibu wa kikundi aandike katika daftari: mama fulani, tarehe fulani, amepata zamu, amenunua kitu fulani. Daftari letu lingekuwa na mstari huo mmoja, labda mashine ile ingekuwa bado inashona.

Msije mkasema ninawachochea juu ya mabwana. Bwana mwema hasumbuliwi na risiti. Na Tina mwenyewe hakukaa bila mwanaume. Alikutana na Erwin Bach, Mjerumani, wakaishi pamoja miaka mingi, wakafunga ndoa mwaka 2013. Figo za Tina zilipokufa, Erwin alimpa figo yake moja, mwaka 2017. Mwanaume mmoja alimpiga, mwingine alifunguliwa tumbo ili yeye aishi. Wote wawili wanaitwa bwana.

Hapo kwenye figo nakaa kidogo, maana ni jambo la maisha yetu. Tina alikuwa na shinikizo la damu, ile tunayoita tansyo. Alijulishwa tangu mwaka 1978. Baadaye hakupenda vidonge, akaviacha, akajaribu dawa za namna nyingine, na figo zikaharibika bila yeye kusikia maumivu. Miezi michache kabla ya kufa aliandika wazi kwamba alijiweka katika hatari kwa kukataa kukubali kuwa anahitaji dawa kila siku, maisha yote. Mwanamke tajiri, anayekaa Uswisi, penye wanganga wazuri, na bado tansyo ilimdanganya. Hapa kwetu, wangapi wanameza kidonge siku kichwa kinauma, wanaacha siku kinapona? Tansyo haingoji kichwa kiume. Nenda upimwe. Ukipewa dawa, meza kila siku, na usiache bila kumuuliza munganga.

Na nisiwafiche, maisha yake hayakuisha kwa furaha tu. Alizika mtoto wake wa kwanza mwaka 2018, na mwingine mwezi wa kumi na mbili 2022, miezi mitano kabla yeye mwenyewe kufariki. Binti aliposema hivyo, Tate alitikisa kichwa: "Basi naye ni mwenzetu."

Jambo la mwisho ni juu ya zile filamu zenyewe. Tina amekufa, lakini tulimuona. Tuliona jasho lake la 1971 kwa sababu mtu alishika kamera siku hiyo, na mtu mwingine akatunza filamu.

Sisi pia tulikuwa na siku kama ile ya Accra. Mwezi wa tisa 1974, Kinshasa, kwenye uwanja wa 20 Mai, ambao sasa unaitwa Tata Raphaël, kulikuwa na tamasha la siku tatu kabla ya pambano la Muhammad Ali na George Foreman. James Brown alikuja, Miriam Makeba alikuja, Celia Cruz alikuja. Na wetu waliimba: Franco, Tabu Ley, na Abeti Masikini, binti wa Kisangani. Yote yalipigwa picha. Lakini kwa ajili ya maneno ya pesa na mahakama, filamu za muziki huo zilikaa zimefungwa miaka mingi. Sinema yake, inayoitwa Soul Power, ilitoka mwaka 2008 tu. Mwaka huohuo Miriam Makeba akafa. Abeti alikuwa amekwisha kufariki tangu mwaka 1994, huko Ufaransa. Wengi walioimba siku ile hawakuiona siku yao.

Ndiyo maana nawaomba kazi moja ndogo. Katika kila kikundi kuna Tate anayejua nyimbo za kutwanga, za kubembeleza mtoto, za matanga, ambazo hakuna aliyeziandika. Kuna simu pia, karibu kila nyumba. Juma hili, mtu mmoja amkalishe Tate mahali penye mwangaza, azime redio, afunge mlango ili kuku wasiingie, na amrekodi akiimba. Kwanza aseme jina lake, jina la mama yake, na mahali alipojifunza wimbo. Kisha wekeni nakala mbili: moja kwenye kadi ya simu, nyingine kwenye kle ya USB inayokaa kwa katibu pamoja na daftari la likelemba. Simu huanguka majini, simu huibiwa. Nakala moja ni sawa na hakuna.

Tate wetu amekubali, ila ameweka sharti. Anasema atavaa kikwembe chake kizuri, kirefu mpaka chini, "ili wajukuu waone kwamba mtu anaweza kuimba amevaa." Tumekubali sharti lake. Jumamosi hii, saa nane kamili, kama umeme utakuwepo. Na kama hautakuwepo, tutaimba gizani tumngojee.

Mama wa mashine amesema atakuja mapema kupanga mabenchi. Kikundi kimeamua kumpa zamu ya mwezi ujao. Ataenda dukani mwenyewe, na mimi nitamsindikiza kuangalia namna jina lake linavyoandikwa.

Mbaki na amani.